leIG 18 kwenye michezo ya kuigiza ya mezani: dhana potofu kuhusu mzinga mdogo wa Kijerumani wa Vita Kuu ya Pili

Dhana: Ni mzinga wa kupigia vifaru.
Kwenye rejimenti ya askari wa miguu ya Ujerumani, vifaru vilikuwa kazi ya kombania ya 14, yenye PaK 36, mizinga ya kupigia vifaru ya milimita 37. leIG 18 ulikuwa wa kombania ya 13: sita za milimita 75, pamoja na mizinga mizito miwili, sIG 33 ya milimita 150. Kombora lake la kilo 6 hivi huua kwa mlipuko na vipande. Makombora ya kutoboa chuma yalikuja baadaye, kwa hiyo kampeni (mfululizo wa mchezo) ya 1939 isiwe nayo.

Dhana: Ukifyatua tu, tupa kete za madhara.
Hapa ndipo waongozaji wengi wanapoharibu mchezo. Kombora hutoka kwa mita 210 hivi kwa sekunde, polepole kuliko sauti. Shabaha ikiwa mita 1,500, litachukua sekunde 7 na zaidi. Kama zamu yenu ni sekunde 6, andika kwenye karatasi mraba uliolengwa, kisha lipue zamu inayofuata. Aliyekwisha kuhama amepona. Kwenye GURPS, mfumo mmoja wa kanuni za michezo hii, ambako zamu ni sekunde 1, hesabu zamu 8. Tena mlio wa mzinga humfikia mlengwa takriban sekunde 3 kabla ya kombora. Mpe kete ya kusikia na nafasi ya kulala chini! Chini ya mita 300 achana na hesabu hizi.

Dhana: Kete ikitoka 1, mzinga unalipuka.
Kosa la kweli linavutia zaidi. Ganda la shaba lina mifuko ya baruti yenye viwango vitano, na wahudumu huitoa isiyohitajika kabla ya kupakia. Mwenye haraka akisahau mfuko mmoja, kombora linapita juu ya adui na kuangukia kwingine. Kwingine wapi? Kama wenzao wako mbele, mmeshapata kisa cha jioni nzima.

Dhana: Shujaa mmoja anautumia peke yake.
Kikosi chake ni watu watano hivi, na kikifanya kazi vizuri hutoa makombora 8 hadi 12 kwa dakika, yaani karibu moja kwa zamu ya sekunde 6. Mpakiaji akivuta wenzo, nyuma ya mtutu huinuka na kitako (chuma kinachoziba nyuma yake) hubaki mahali pake. Kombora likiingia, mtutu hushuka kwa uzito wake. Mtu mmoja anaweza kuyafanya yote, ila mpe risasi moja kwa zamu nne. Na asisahau: bila kunyanyua mkia, mtutu hugeuka nyuzi 6 tu kila upande. Kwenda juu hakuna shida, unavuka nyuzi 70, kwa hiyo unapiga kutoka nyuma ya kilima.

Dhana: Ni mwepesi, tutaubeba.
Kilo 400. Barabarani watu wanne wanausukuma. Kwenye tope, tafuteni farasi.