Gari la kambi likiwa uani: dhana potofu na ukweli

Kwa sisi tunaosafiri na gari la kulala humo humo, iwe Land Cruiser yenye hema juu ya paa au Hiace iliyowekewa kitanda na jiko, maswali ya watu huwa ya njiani: litapita kwenye tope? Litapanda Ngorongoro? Ni wachache wanaouliza gari linaishije miezi linapokaa nyumbani, na magari mengi huharibikia huko huko. Masika yakianza Arusha mwezi Machi, mengi hupaki hadi Juni. Ninayoyasikia kwa majirani, na hata kwa mafundi, kuhusu miezi hiyo, mengine yanamaliza watu fedha na mengine yanaweza kuua.

"Gari likipaki halichakai"

Hii ndiyo inayozaa nyingine zote. Kilometa haziongezeki, sawa, lakini raba huzeeka kwa jua na hewa hata gurudumu lisipozunguka. Chuchumaa ubavuni mwa tairi, tafuta herufi DOT, kisha soma tarakimu nne za mwisho kwenye mfululizo ule. Ukikuta 2318, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kama upande wa nje hazipo, ziko upande wa ndani, ingia uvunguni ukazisome. Kashata, yaani meno ya tairi, zinaweza kuwa ndefu kama za tairi jipya huku ubavu umeshaanza nyufa nyembamba kama nywele. Ushauri wa watengenezaji wengi ni kwamba tairi likifikisha miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika 10 litolewe hata kama bado linapendeza. Na tairi la akiba nalo linahesabiwa, wengi hulisahau. Hata dukani, soma tarakimu kwanza ndipo utoe hela, kwa sababu tairi "jipya" linaweza kuwa limekaa stoo miaka.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa taratibu, gari litembee lisitembee. Yakishakuwa na maji huchemka mapema, na utajua hilo ukishuka kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu, gari limebeba maji na vyombo, kanyagio likaanza kuwa laini. Badilisha kila baada ya miaka 2 na usingoje dalili.

Dizeli pia ina mambo yake. Tangi likiwa nusu, nusu nyingine ni hewa, na unyevu wa hewa hiyo hugeuka matone usiku wa baridi. Jaza tangi kabla ya kupaki. Kabla ya safari inayofuata, fungua skrubu iliyo chini ya filta ya dizeli ukinga kwa chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, uiache itulie. Maji hukaa chini na dizeli juu, na mpaka kati yao unaonekana wazi. Ukiona maji, endelea kukinga mpaka itoke dizeli tupu.

Halafu kuna panya. Toa chakula chote ndani, hata pakiti moja ya biskuti za watoto iliyoangukia chini ya kitanda. Panya akishaingia kutafuta biskuti, atakaa kutafuna waya.

"Washa dakika kumi kila Jumamosi, inatosha"

Karibu kila mtaa una mtu anayefanya hivi kwa nia njema kabisa. Kuwasha kunakula umeme mwingi kwa mkupuo, na injini ikiunguruma bila mzigo kwa dakika chache, alteneta hairudishi betri kwenye ujazo wake. Oili haipati moto wa kutosha kukausha unyevu, na maji yanabaki kwenye bomba la moshi. Kama utawasha, basi litoe gari barabarani walau nusu saa, mpaka kila kitu kipate moto na breki zijisugue kutu. Kama hulitoi, ni afadhali chaja ya kisasa inayojipunguza yenyewe betri ikijaa. Chaja ya zamani isiyojipunguza usiiache imechomekwa siku nzima, itachemsha maji ya betri.

Betri ya risasi, yaani ile ya kawaida ya gari, iliyotulia saa kadhaa ikisoma volti 12.6 au zaidi, imejaa. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu hivi, na 12.0 iko kwenye robo. Ikikaa chini muda mrefu, salfeti hugandia kwenye sahani zake, na hapo hakuna chaja itakayoirudisha kama zamani. Betri ya lithiamu ni kinyume: ikihifadhiwa kwenye nusu hivi ndiyo inadumu, kwa hiyo aliyetoka betri ya risasi akaenda lithiamu asibebe mazoea yale yale.

"Lakini nina sola juu." Iko chini ya mwembe? Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri la kwetu inaweza kutoa saa-wati 400 hadi 500 kwa siku. Kivuli cha tawi moja tu kikipita juu yake, kiasi hicho kinaporomoka, na masika mawingu yanamalizia. Gari la sola lipakiwe juani. Ukitaka kivuli kwa ajili ya rangi na raba, chagua mojawapo.

"Friji inazima, betri imekufa"

Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu nimeona watu wakinunua betri mpya wakati ugonjwa ulikuwa waya. Chukua friji ya volti 12 inayovuta ampea 5, iliyowekwa nyuma ya gari, mita 6 kutoka kwenye betri. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 12 za waya. Waya wa milimita 1.5 za mraba utakula volti 0.7 hivi njiani. Betri inasoma 12.2, haina ugonjwa wowote, lakini friji inaona 11.5 na kinga yake inaizima. Weka waya wa milimita 6 za mraba na upotevu unashuka hadi chini ya volti 0.2. Kabla ya kununua chochote, pima volti kwenye plagi ya friji yenyewe ikiwa inafanya kazi, kisha upime kwenye betri. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo jibu lako.

Na fyuzi: anayekuambia "weka kubwa zaidi isikusumbue kukatika" anakuchomea gari. Fyuzi inalinda waya. Ikiwa kubwa kuliko uwezo wa waya, waya ndio utakaogeuka fyuzi, nyuma ya mbao na godoro. Iwekwe karibu na betri, upande wa chanya.

Hema lililofungwa likiwa limelowa lifunguliwe siku hiyo hiyo mnayofika, hata kama wote mmechoka. Turubai la nailoni lililobana gari zima halilindi, linafungia unyevu. Gari likitoka ufukweni Pangani au kwenye magadi ya Natron, lioshwe uvunguni kwanza, bodi baadaye. Tangi la maji limwagwe liwe tupu. Kabla ya safari, tangi la lita 50 weka mililita 70 hivi za klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya 3.5%, acha saa kadhaa, kisha suuza mpaka harufu iishe.

"Kulala uani ni mchezo wa watoto tu"

Watoto wanaomba walale garini, na mzazi anaona ni usumbufu. Mimi nasema kila baada ya kubadilisha kitu, laleni humo usiku mmoja na taa, friji na pampu vyote viwe vinafanya kazi. Kinachovuja kitavuja fundi akiwa mtaani.

Ila hapa pana hatari ambayo watu hawaichukulii kwa uzito. Wengi wanaamini dirisha la juu linatosha kutoa gesi ikivuja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inashuka na kutanda sakafuni kimya kimya. Tundu la hewa liwe chini kabisa, mtungi ukikaa kwenye kisanduku chake kinachopumulia nje. Uvujaji upimwe kwa povu la sabuni kwenye maungio ya mpira wa gesi na regulata ya mtungi. Kiberiti kisisogee hapo.

Na mkaa usiingie garini kamwe. Baridi ya Juni ikipiga Arusha, mtu husema "makaa yameshakuwa mekundu, hayana moshi." Kaboni monoksidi haina moshi, haina harufu, na aliyelala haimwamshi. Jiko libaki nje, watoto waongezewe blanketi, dirisha liachwe wazi kidogo. Kengele ya gesi hiyo inauzwa, inatumia betri ndogo. Ifunge ndani karibu na wanapolala, bonyeza kitufe cha majaribio kabla ya kila safari, na usome tarehe ya mwisho iliyo nyuma yake, maana kihisi chake nacho huzeeka.