Msanifu wa mwanga ni nani, na ana tofauti gani na fundi umeme

Nikipita Mji Mkongwe wa Bagamoyo na begi langu, watu huniita "fundi umeme". Siwalaumu: begi lina tochi tatu, futi ya kupimia na kifaa cha kupima mwanga kinachofanana na simu ya kitochi. Lakini nyaya sizigusi. Mimi ni msanifu wa mwanga, na kazi hiyo inaeleweka haraka ukikumbuka kwamba Kiswahili kinatenganisha taa na mwanga.

Taa ni kifaa: unainunua, unaihesabu, inaungua. Mwanga hauuoni mpaka uangukie kitu, iwe ukuta, uso wa mtu au sinia la pilau. Fundi umeme anahakikisha taa inawaka bila kupiga shoti. Msanifu wa mwanga anaamua nyumba ionekaneje jua likizama: upande gani upate mwanga, kiasi gani, wa rangi gani, utokee wapi. Na wapi paachwe giza. Hapo ndipo wateja hunitazama kama tapeli.

Jaribu mwenyewe. Usiku nenda kwenye mlango wa nakshi na tochi ya simu. Ukiumulika kwa mbele, nakshi zinalala, mlango unakuwa kama picha ya gazeti. Sasa iegemeze simu kwenye kizingiti cha juu, mwanga ushuke ukiparaza mbao. Kila ua linainuka, mnyororo uliochongwa pembezoni unahesabika pete kwa pete, kila msumari wa shaba unatupa kivuli chake. Tochi ni ileile. Umebadilisha pembe tu. Kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa, kama zile za Ngome Kongwe, nazo hupendeza zikiparazwa hivyo. Ukuta mpya wa saruji usithubutu: utaumbua kila mahali fundi alipokosea mwiko.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Mwali wa mshumaa ni kama 1,900, balbu ya zamani ya waya ni kama 2,700, na ile nyeupe ya kibuluu inayojaa madukani ni 6,500. Mtaani tunasema tu taa ya njano na taa nyeupe, na inatosha. Katika kazi yangu ya kwanza, nyumba moja ya wageni, niliruhusu zifungwe nyeupe kibarazani kwa kuwa ndizo zilizokuwapo dukani. Chokaa iliyokuwa na rangi ya maziwa ikawa kama sanda, na changu wa kukaanga akaonekana kalala siku mbili. Nilizibadilisha zote kwa fedha yangu.

Kuhusu wingi, sahau wati. Wati ni umeme unaoliwa na taa na kuhesabiwa na mita ya LUKU, si mwanga unaoupata. Mwanga unaotoka kwenye taa ni lumeni (LED ya wati 9 hutoa karibu 800, sawa na balbu ya zamani ya wati 60), na unaofika mezani ni luksi. Meza ya ofisi hupangiwa luksi 500. Jua la saa sita hufikia kama 100,000, ilhali mwezi mpevu haufiki hata moja, na bado watu hutembea kwa mbalamwezi bila kujikwaa. Jicho halihesabu, linalinganisha. Wavuvi wa dagaa wanalijua hili bila kufundishwa: mwezi ukiwa mpevu karabai zao za kuvutia dagaa hazina kazi, wanasubiri giza. Ndiyo maana taa moja ya njano kwenye uchochoro wenye giza inatosha, na taa kumi kali zinakuacha kipofu ukigeuka kando.

Richard Kelly, mmoja wa waasisi wa taaluma hii nchini Marekani, aliugawa mwanga katika aina tatu: unaoenea kila mahali, unaoelekezwa penye jambo, na unaometameta wenyewe. Zote tatu ziko ufukweni wakati wa magharibi. Anga bado lina wekundu, koroboi inamulika meza ya muuza pweza, na kwa mbali maji yanameta. Ondoa koroboi, hakuna anayejua aende wapi.

Majengo ya kale yana masharti yake. Mengi yanalindwa na sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964, na hata yasiyolindwa, ukuta wa matumbawe haufai kupasuliwa kupitisha waya. Taa tunazificha juu ya boriti. Halafu kuna chumvi ya bahari, inayokula skrubu za bei rahisi kabla ya mwaka kuisha.

Michoro huanza mapema, msanifu majengo akiwa bado anafuta na kuchora, lakini kazi hukamilika usiku, taa zikielekezwa moja moja. Majuzi nilikuwa kwenye nyumba ya mzee ambaye baraza lake ni la bao. Taa ilikuwa imening'inia nyuma ya mchezaji mmoja: kivuli chake kilifunika mashimo, na aliyekaa mkabala naye alichomwa macho. Tuliiondoa, tukafunga mbili ndogo za njano ubavuni, kulia na kushoto kwa ubao, fundi akiwa juu ya ngazi nami chini nikimwambia shusha, rudisha, hapo hapo.

"Mwanangu, mbona umenipunguzia mwanga?" mzee akaniuliza.

Nikamwomba ahesabu kete za kwenye nyumba, lile shimo la mraba la bao, bila kuzishika. Akainama, akahesabu, kisha akamwita jirani yake waje wamalize mchezo wa juzi.