Kabla ya Tone la Kwanza: Taitresheni Huharibikia Kwenye Kusuuza

Mimi ni fundi wa maabara ya kemia katika shule ya sekondari. Siku ya praktiko, dakika tano za mwanzo hunitosha kujua nani atapata jibu zuri la taitresheni (kupima ni asidi kiasi gani inamaliza besi, mpaka rangi igeuke), hata kabla koki ya bureti, lile bomba la kioo lenye vipimo linalodondosha asidi, haijafunguliwa. Ninachoangalia ni kimoja: kila chombo kimesuuzwa kwa nini.

Tuseme bureti ina asidi haidrokloriki ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita; moli ni kipimo cha wingi wa chembe), na kwa pipeti, bomba la kioo linalopima kiasi kimoja tu, unachukua 25 cm³ za besi, sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M. Jibu, yaani asidi iliyotumika, linatakiwa liwe 25.00 cm³. Sasa mwanafunzi ameosha bureti kwa maji, akaijaza asidi papo hapo. Maji yaliyobaki kwenye kuta yakiwa 1 cm³ tu katika 50, asidi imeshuka hadi 0.098 M, naye atatumia 25.51 cm³. Hajakosea hesabu wala rangi, ila jibu limeshapotea. Kwa hiyo baada ya maji, mimina asidi kidogo ndani ya bureti, ilaze, izungushe mpaka asidi iguse kuta zote, kisha uitoe kwa chini. Rudia mara ya pili. Pipeti nayo isuuzwe hivyo hivyo, kwa besi itakayopima.

Chupa ya koni, ambamo besi huwekwa na asidi kudondoshewa, ndiyo inayowaponza wenye bidii. Wameambiwa wasuuze kwa kimiminika kitakachoingia, basi nayo wanaisuuza kwa besi. Hapana! Chupa hii haipimi chochote. Besi imeshapimwa na pipeti, na idadi ya moli zake haibadiliki hata ukiongeza maji. Lakini 1 cm³ ya besi ikibaki ndani, asidi itakayotumika ni 26.00 cm³. Chupa ya koni isuuzwe kwa maji yaliyokenekwa tu, na ikibaki na majimaji hakuna tatizo.

Ukishajaza bureti, ondoa faneli. Tone linaloning'inia humo litaanguka katikati ya kazi na kukudanganya. Kisha tazama ncha ya chini chini ya koki: kama kuna kiputo cha hewa, fungua koki kwa nguvu kitoke. Kikitoka wakati unapima, nafasi yake itajazwa na asidi ambayo haikufika kwenye chupa, nawe utaihesabu.

Kusoma bureti kuna tatizo ambalo vitabu hulipita haraka. Vijana wafupi husoma sifuri wakiwa chini ya alama, maana bureti imefungwa juu sana, halafu mwishoni husoma wakitazama kutoka juu. Namba za bureti zinaongezeka kwenda chini, hivyo usomaji wa kwanza unakuwa mkubwa kuliko kweli na wa mwisho unakuwa mdogo. Makosa mawili yanasaidiana kupunguza jibu. Shusha bureti kwenye stendi, au inama, mpaka jicho liwe sawa na sehemu ya chini ya mbonyeo wa kimiminika (uso wake uliopinda). Weka karatasi nyeupe nyuma yake.

Pipeti usiivute kwa mdomo, tafadhali sana. Pasipo kifyonzi chake, bomba la sindano lililotolewa sindano na kuungwa kwa kipande cha mpira linafanya kazi vizuri. Wakati wa kumimina, gusisha ncha kwenye ukuta wa chupa na uache tone dogo la mwisho libaki. Usilipulize, kwa sababu pipeti ilipimwa kiwandani na tone hilo likiwa limehesabiwa.

Kwa methili oranji, kiashiria kinachotiwa kwenye chupa ya koni ili rangi ionyeshe mwisho, besi ni ya njano, na unasimama pale rangi inapogeuka chungwa. Ikishakuwa nyekundu umepita. Ukikaribia, ongeza tone moja moja huku ukitikisa chupa kwa mzunguko. Tone moja la bureti ni kama 0.05 cm³.

Halafu jedwali. Jaribio la kwanza ni la kutafuta njia, haliingii kwenye wastani. Ukipata 25.60, kisha 24.90, 25.00 na 24.90, jumlisha hizo tatu za mwisho, ugawe kwa tatu, uandike 24.93 cm³.