Mbegu ya Marko 4 si bahasha

"Mwalimu, mara mia ni hasara."

Kijana mmoja katika darasa langu la walimu wa shule ya Jumapili, hapa Rungwe, alinikatisha hivyo tulipokuwa kwenye mfano wa mpanzi, ambaye mbegu zake ziliangukia njiani, kwenye mwamba, kwenye miiba, na nyingine kwenye udongo mzuri zikazaa thelathini, sitini na mia. Wenzake wakacheka. Yeye akatoa hindi kwenye mfuko wa koti na kuanza kuhesabu: mistari 14, kila mstari punje 32. "Nimefukia punje moja, nimevuna 448. Huyu wa kwenye Biblia kavuna 100, halafu kwaya inaimba?"

Nimesikia mahubiri mengi juu ya Marko 4 yasiyofikia swali hilo, kwa sababu lenyewe linakurudisha shambani. Mahindi yalitoka Amerika; Yesu hakuwahi kuyaona. Alikuwa akisema na watu wa ngano na shayiri, na kwao mia kwa moja lilikuwa jambo la kusimuliana. Mwanzo 26:12 inasema Isaka alivuna hivyo, na papo hapo inaongeza kuwa Bwana alimbariki.

Upandaji nao uliwasumbua. Sisi tunapanda kwa kamba, sentimita 75 kati ya mstari na mstari, 30 kati ya shimo na shimo, mbolea chini, mbegu juu. Mtu anayemwaga mbegu njiani na kwenye miiba anaonekana mzembe tu, na nimewahi kumsikia mwalimu akiwaambia watoto kwamba fundisho la mfano ni kuandaa shamba vizuri. Aliyetuokoa ni bibi mmoja mzaliwa wa Mbozi. Jumamosi iliyofuata alifungua fundo kwenye ncha ya khanga, akachota konzi moja ya ulezi, akatembea hatua tatu kwenye sakafu ya kanisa huku mkono ukizunguka nusu duara, macho mbele. Ulezi ukadunda kwenye saruji, mwingine ukaingia kwenye nyufa, mwingine chini ya mabenchi, mwingine kwenye viatu vya mzee wa kanisa.

"Ndivyo tulivyosia," akasema. "Hebu wewe uchague pa kuangukia."

Baada ya hapo hakuna aliyemlaumu mpanzi tena. Kuhusu miamba sikuhitaji kusema mengi. Udongo wetu wa volkano una kina, lakini dada mmoja aliyekulia Iringa aliwaeleza wenzake jinsi mmea unavyochipua haraka juu ya mwamba uliofunikwa na udongo kidogo, na jua likiwaka unakauka.

Sasa lile linaloniuma. Siku hizi neno "mbegu" limehamia kwenye bahasha ya sadaka. Kwenye mikutano ya injili pale Mbeya mjini nimemsikia mhubiri akisoma Marko 4:8, thelathini, sitini, mia, akafunga Biblia, kisha akataja namba ya simu ya "kupandia mbegu", yaani kutumia fedha. Laiti angesoma mistari sita zaidi! Mstari wa 14 uko wazi: mpanzi hulipanda neno. Luka 8:11 nayo inasema mbegu ni neno la Mungu. Wako wataalamu wanaosikia katika ufafanuzi huo wa mstari wa 14 hadi 20 sauti ya kanisa la kwanza badala ya ya Yesu mwenyewe; hata ikiwa hivyo, ndio ufafanuzi wa kale kuliko wote tulio nao, na fedha haimo kama mbegu. Mali imo, ila upande wa miiba, mstari wa 19.

Ninawakumbusha wanafunzi kwamba namba za mistari hazikuandikwa na Marko. Aliyezitia kwenye Agano Jipya ni mchapaji Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Zinatusaidia kufika mahali pamoja haraka, lakini zimetuzoesha kuchomoa mstari kama mtu anayechomoa kuni kwenye mzigo. Ndiyo maana darasani kwangu tunasoma fungu zima kwa sauti, mara mbili, kisha tunafunga Biblia na mmoja analisimulia kwa maneno yake. Anachoruka ndicho tunachoanza nacho.

Wakishaelewa hilo, baadhi yao huvukia upande wa pili na kutangaza kuwa Biblia haijawahi kufananisha utoaji na kupanda. Hapo nawapeleka 2 Wakorintho 9:6, apandaye haba atavuna haba. Paulo anasema juu ya sadaka, tena waziwazi. Ila soma sura ya 8 na ya 9 pamoja uone fedha zinakwenda wapi: ni mchango kwa ajili ya watakatifu wenye shida, na Warumi 15:26 inawataja kuwa maskini wa Yerusalemu. Tena katika 8:20 Paulo anajihadhari mtu asije akamlaumu kwa habari ya fedha hizo, ndiyo maana anatuma wengine waandamane nazo.

Yule kijana wa hindi alibaki baada ya kipindi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mwalimu, ile elfu hamsini niliyopanda mwaka juzi?"

Nikamuuliza kama aliwahi kuambiwa ilikwenda kwa nani. Akatikisa kichwa. Tukafungua 2 Wakorintho 8, tukaisoma tena kuanzia mwanzo, bibi akiwa anafagia ulezi wake.