Kisu cha daktari na seli za saratani katika damu

Mjini Bukavu, iwe Kadutu au Bagira, watu wengi husadiki kwamba uvimbe wa saratani, au kansere, hutawanyika mwilini pale tu unapoguswa na kisu au sindano ya daktari, na kwa hofu hiyo mama mwenye uvimbe kwenye titi huahirisha kipimo mpaka panapotokea kidonda.

Uvimbe hausubiri kisu. Mwaka 1869 Thomas Ashworth, daktari wa Australia, aliona katika damu ya marehemu aliyekuwa na saratani seli zilizofanana na zile za uvimbe wake. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba uvimbe wenyewe huachilia seli kwenye mishipa ya damu, pengine mapema sana, kabla mgonjwa hajafikiria hospitali. Nyingi hufa humo: msukumo wa damu huzipasua, chembe za kinga huziua, na zinazonusurika hadi mapafuni, kwenye ini au mifupani huota kwa nadra, kwa kuwa, kama alivyoeleza Stephen Paget, daktari mpasuaji wa Uingereza, mwaka 1889, mbegu huhitaji udongo unaoifaa. Zinazosafiri kwa vishada ndizo hatari zaidi.

Sindano inaweza kung'oa seli chache, hilo halikanushwi, na ndiyo sababu uvimbe wa korodani kwa kawaida hauchomwi sindano ya kipimo. Kwa titi, hata hivyo, hatari hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na kuuacha uvimbe uendelee kumwaga seli zake bila tiba.