Vayoleti ya Usambara na maji ya kila siku

Mama mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, alikuja ofisini kwetu na kopo la vayoleti ya Afrika, majani yamelala, katikati pameoza pana harufu, ananiambia mwanangu nalimwagilia kila siku asubuhi na jioni na bado linakufa. Nikamwambia mama, hayo hayo maji ya asubuhi na jioni ndiyo yaliyoliua.

Na hili ua ni la huku huku jamani. Linaota porini Usambara, na hata kwenye mawe ya chokaa karibu na mapango ya Amboni. Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mtawala huku, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani, mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia, likaenea dunia nzima, leo tunalinunua kitaluni kama vile limeshuka na meli.

Sasa ukitaka kulielewa angalia linapoishi porini: limejishikiza kwenye ufa wa jiwe, mboji kiduchu, juu miti mikubwa imeziba jua, mvua ikinyesha maji yanateremka zake. Mizizi yake mifupi. Kwa hiyo ndoo kubwa ya nini? Kopo la majarini la nusu kilo linatosha, toboa matundu chini, changanya mboji iliyooza vizuri na usumba wa nazi na chenga za mkaa, udongo wa mfinyanzi achana nao kabisa.

Kumwagilia, weka kopo kwenye sahani yenye maji kama nusu saa, litoe, yaliyobaki mwaga. Halafu usiliguse mpaka utie kidole juu ukute pakavu. Maji ya mtungini yaache kwanza yapoteze ubaridi, maana yakidondokea jani lenye joto yanaacha madoa meupe kama ya ugonjwa, watu wanakimbilia dukani kununua dawa bure.

Barazani panalifaa, jua kali lisiligonge. Vikonyo vikirefuka na majani kunyanyuka juu, hapo pana giza mno, ukiona majani yanapauka basi jua limezidi. Mimi mwenyewe nimeua makopo matatu dirishani mwezi wa pili, na joto la Tanga mnalijua. Likipita nyuzi 30 mara nyingi maua yanagoma, subirini upepo wa kusi, joto lishuke.

Kuongeza miche ni rahisi mno: kata jani zima na kikonyo chake kama sentimita 3, chomeka kwenye mchanga mbichi, funika na mfuko wa nailoni, wiki tatu nne lina mizizi, miezi miwili mitatu vijimche vinachungulia pembeni ya kikonyo.

Ila msiende kung'oa Amani, ile ni hifadhi, na aina nyingine za porini zimebaki sehemu ndogo tu. Muombe jirani jani moja.