Kuchora mifongo kwenye ramani huria

Picha ya setilaiti haioni mfongo, yaani mfereji wa jadi wa maji. Ukitazama miteremko ya juu ya Moshi kutoka angani unaona kijani kitupu: miti ya kivuli juu, migomba katikati, kahawa chini. Mfereji huo, unaopeleka maji vihambani (kwenye mashamba ya nyumbani), umejificha humo. Njia ya uhakika ya kuuingiza kwenye ramani ni kuufuata kwa miguu, simu ikirekodi, ukiongozwa na mtu anayeujua tangu utoto.

Kazi hiyo tunaiweka OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na wachangiaji wa kujitolea, iliyoanzishwa Uingereza na Steve Coast mwaka 2004. Kwenye mafunzo swali halikosi: kwa nini tujisumbue, si tunakili tu kutoka Google Maps? Haturuhusiwi. Ile unaitazama bila malipo, lakini data yake ina mwenyewe. Data ya OpenStreetMap, tangu 2012, iko chini ya ODbL, leseni ya hifadhidata huria: ichukue, hata ufanyie biashara, mradi utaje ilikotoka, na ukiiboresha hifadhidata ukaisambaza, uitoe kwa masharti yaleyale. Mstari ulionakiliwa kwa mwenye haki ukigundulika hufutwa, pamoja na jasho la aliyeuchora. (Picha za angani za Bing, ya Microsoft, ni sawa kuchora juu yake, ruhusa ilitolewa 2010.)

Mimi navutiwa zaidi na kumbukumbu ya mabadiliko. Kila badiliko hubaki na namba, tarehe na akaunti ya aliyelifanya. Wazee wa huku wakiuita mfongo hivi na wa ng'ambo ya korongo wakauita vile, hatupigi kura: linalotumiwa zaidi huingia kama jina kuu, lingine kama jina mbadala. Mfongo ukikauka, tunabadilisha alama na kueleza sababu, na aliyetutangulia haonekani mwongo.

Lakini si kila kitu kiwekwe hadharani. Majina ya wenye vihamba na zamu za maji za kila kaya hatuviandiki, hata tukivijua. Tena, hakuna leseni inayonidai ruhusa ya wazee wa mfongo, ila bila hiyo siwashi simu.

Kamati ya maji ikitaka kuchapa ramani hiyo kwenye karatasi kubwa na kuibandika ofisi ya kijiji, haihitaji kuniomba mimi wala mtu yeyote. Iandike tu chini kwamba data ni ya wachangiaji wa OpenStreetMap, chini ya leseni ya ODbL.